Golf na Benzi Mlimani: Kinachogharimu ni Kubahatisha

Kwa bei ya Toyota Premio iliyotunzwa vizuri, mnunuzi wa Nyeri, Karatina au Nanyuki anaweza leo kuondoka na Mercedes-Benz C200 iliyokwisha kutumika nchini. Akiongeza kidogo, anapata Volkswagen Golf iliyoshushwa melini juzi kutoka Japani. Kizazi cha wazazi wetu hakikuyaona haya. Benzi wakati huo ilikuwa ya waziri, ya askofu au ya tajiri wa kahawa. Sasa ni ya mwalimu, ya karani wa kaunti, ya mfanyabiashara wa viazi. Ndiyo maana utunzaji wa gari la Kijerumani la mtumba si suala la matajiri tena. Ni suala la akiba ya nyumba nzima, na mara nyingi la mkopo wa sacco utakaoendelea kukatwa kwenye mshahara hata gari likiwa limelala juu ya mawe.

Kauli inayosikika kila gereji ni kwamba magari haya yanasumbua. Kauli hiyo ina ukweli nusu. Gari la Kijerumani huharibika kwa sababu chache zinazojulikana, na nyingi kati ya hizo zilikwisha kukiriwa na viwanda vyenyewe. Kinachommaliza mwenye gari hapa mlimani ni kubahatisha: oili ya kubahatisha, maji ya kubahatisha, spea ya kubahatisha, na zaidi ya yote, kubahatisha ugonjwa wenyewe. Toyota ya kawaida huyavumilia makisio kwa miaka. Mjerumani havumilii, na tofauti hiyo ndiyo inayolipiwa.

Tuanze na sheria, kwa sababu ndiyo inayochagua gari gani linafika Nyeri. Kenya hairuhusu kuingizwa kwa gari lililofikisha miaka minane ukihesabu kuanzia mwaka liliposajiliwa mara ya kwanza, na usukani lazima uwe upande wa kulia. Kwa mwaka 2026 maana yake ni magari ya 2019 kuja mbele. Ushuru wa bidhaa nao hutazama ukubwa wa injini: asilimia 20 kwa injini isiyozidi sisi 1500, asilimia 25 kwa nyingi zinazozidi hapo, juu ya ushuru wa forodha uliopandishwa hadi asilimia 35 mwaka 2023. Golf ya lita 1.2 au 1.4 inapenya chini ya mstari huo wa 1500, na hiyo ni sababu mojawapo ya kuonekana kwa wingi barabarani. Mercedes C180 ya lita 1.6 haipenyi.

Hivyo kuna masoko mawili yanayochanganywa kama moja. Kuna gari lililoingia jana, lenye umri wa miaka sita au saba. Na kuna gari lililoingia miaka kumi iliyopita, likapita mikononi mwa wenyewe watatu jijini Nairobi, kisha likapandishwa mlimani kwa bei inayovutia. La pili ndilo rahisi kununua na ndilo gumu kumiliki, kwa sababu kila mwenyewe aliliuza pale tu matengenezo makubwa yalipokaribia.

Sifa ya magari haya katika nchi yetu ni ya zamani na ilipatikana kwa haki. Mashindano yaliyokuja kuitwa Safari Rally yalianza 1953 kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, yule aliyerithi kiti cha ufalme Februari 1952 akiwa Treetops, hapa hapa kwenye msitu wa Aberdare karibu na Nyeri. Volkswagen ile ya mgongo wa kobe ilishinda mwaka 1954, ikashinda tena 1957 na 1962. Katikati yake, 1959, 1960 na 1961, ushindi ulikuwa wa Mercedes. Wazee waliokuwa vijana wakati huo walijionea magari hayo yakitoka matopeni, na imani yao ikarithiwa. Lakini kobe yule alikuwa na injini inayopozwa kwa hewa, isiyo na radieta, isiyo na kompyuta. Fundi mwenye spana chache na akili timamu aliifungua na kuifunga siku moja. Golf ya 2019 ina jina lile lile na mwili mwingine kabisa. Anayeinunua kwa sifa za 1962 ananunua kumbukumbu.

Kubahatisha ugonjwa ndiko kunakokula pesa nyingi kuliko mengine yote. Chukua mfano ambao mafundi wa hapa wataufahamu mara moja. Mwalimu wa Othaya ana Golf ya 2011 yenye injini ya TSI ya lita 1.4. Taa ya injini inawaka. Fundi anachomeka kile kifaa kidogo kinachoongea na simu, na simu inaonyesha nambari ya kosa: P0016.

"Mwalimu, hapa sensa ya kamshafti imekufa," anasema fundi.

Sensa inaagizwa, inafungwa, nambari inafutwa, taa inazimika. Baada ya wiki taa inarudi. Inaagizwa sensa nyingine, safari hii ya kranki. Taa inazimika, inarudi. Lakini P0016 haisemi kwamba sensa imekufa. Inasema kwamba shafti mbili, ya juu na ya chini, hazisomi mzunguko mmoja. Katika injini hiyo ya kizazi cha zamani, ile inayoitwa EA111, sababu ya kwanza ya kushukiwa ni cheni ya taimingi iliyorefuka au kikaza cheni kilicholegea. Sensa zote mbili zilikuwa zikisema kweli tangu mwanzo. Wakati mwalimu analipia sensa, cheni inaendelea kurefuka, na siku itakaporuka meno, vali zitagongana na pistoni. Hapo hatengenezi tena cheni, anatafuta injini.

Fundi huyo simwiti mwizi. Kifaa alicho nacho kimempa nambari na hakikumpa kipimo. Mashine kamili za magari haya, kama VCDS kwa Volkswagen na Audi, ISTA kwa BMW na Xentry kwa Mercedes, zinaonyesha tofauti ya mzunguko kwa nyuzi, injini ikiwa inanguruma, na fundi anaona kama cheni imefika mwisho kabla hajafungua boliti hata moja. Kwa hiyo swali la kwanza la kuuliza gereji yoyote ya Nyeri au Meru ni hili: una mashine gani ya kulipima gari hili, na utanionyesha vipimo vyenyewe? Anayejibu kwamba nambari ya kosa inatosha, umshukuru kwa heshima na uondoke.

Injini zenyewe hazilingani, na mnunuzi ajue anachokinunua. Golf ya kizazi cha saba, iliyoanza kuuzwa mwishoni mwa 2012, ilipata injini mpya za lita 1.2 na 1.4, familia ya EA211, ambazo badala ya cheni zinatumia mkanda. Sheria ya miaka minane imetufanyia hisani hapo, maana Golf ya injini ndogo inayoshuka melini sasa ni ya mkanda. Ile ya cheni inapatikana kwa wauzaji wa mitaani tu, na bei yake ndogo haikutokea kwa bahati. Kwa BMW 320i, zile za injini ya N20, iliyotumika tangu 2011, zinajulikana kwa vishikilia cheni vya plastiki vinavyokatika. Injini ya B48 iliyoifuata ilitengenezwa upya. Kwa Mercedes, C180 na C200 nyingi za umbo la W204 zina injini ya M271, ambayo cheni yake na gia za kamshafti huchakaa.

Na hapa baridi yetu ina faida. Mnunuzi wa Mombasa hana kipimo alicho nacho mnunuzi wa Nyeri mwezi Julai. Nenda kuliangalia gari alfajiri, kabla halijawashwa. Weka kiganja juu ya boneti: likiwa na joto, muuzaji ameliwasha kabla hujafika, na hiyo peke yake ni habari. Likiwa baridi, mwambie aliwashe huku wewe umeinama mbele. Usiku kucha oili imeshuka chini na kikaza cheni kimelegea. Cheni iliyochoka itagonga kwa sekunde mbili tatu za kwanza, mgongano mkavu wa chuma, kisha itanyamaza oili ikipanda. Saa nne asubuhi, jua likiwa limetoka na injini imeshapata moto, hutasikia chochote.

Kwa gari lililotoka Japani moja kwa moja, kuna ushahidi mwingine ambao wengi wanaubandua bila kuusoma. Karibu na mlango wa dereva, au chini ya boneti, mafundi wa Japani hubandika karatasi ndogo inayoonyesha oili ilimwagwa lini na kwa kilomita ngapi. Tarehe mara nyingi imeandikwa kwa miaka ya wafalme wao: Reiwa 1 ni 2019, Reiwa 4 ni 2022. Linganisha kilomita hizo na za dashibodi. Kama karatasi ya Reiwa 4 inasoma kilomita nyingi kuliko dashibodi ya leo, huna haja ya fundi kukuambia kilichofanyika.

Ukishanunua, usiliamini gari hata kama linanguruma vizuri. Katika wiki za mwanzo badilisha oili, filta zote, plagi, mafuta ya breki na maji ya kupoza, kisha andika tarehe na kilomita. Mimi naona asiyeweza kuweka kando sehemu ya tano ya bei ya gari kwa mwaka wa kwanza bado hajafika bei ya gari hilo. Anunue dogo zaidi, au anunue Mjapani. Ni afadhali kuambiwa hivyo kabla ya kusaini mkopo.

Oili ina lugha yake. Kusema "nipe 5W-30" hakutoshi, kwa sababu makopo mawili yenye 5W-30 yanaweza kuwa na idhini tofauti kabisa. Volkswagen huandika 502 00 au 504 00, Mercedes huandika 229.5 au 229.51, BMW huandika LL-01 au LL-04, na maandishi hayo yapo nyuma ya kopo kwa herufi ndogo. Kitabu cha gari ndicho kinachosema ipi ni yako. Ulaya, oili ya muda mrefu huruhusiwa kukaa hadi kilomita 30,000. Kwetu, kwa vumbi la murram, safari fupi za asubuhi injini ikiwa baridi, na turbo inayolazimika kuzunguka kwa kasi zaidi kwa sababu hewa ya mlimani ni nyepesi, kilomita 7,000 hadi 10,000 ndiyo busara. Kuhusu petroli na dizeli itoshe kukumbusha kwamba mwaka 2018 serikali iliongeza tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa, makusudi ili kuvunja nguvu biashara ya kuyachanganya na mafuta ya magari. Nozeli za Kijerumani hupitisha mafuta kwa shinikizo kubwa mno na huathirika upesi. Jaza kwenye vituo vyenye wateja wengi, ambako mafuta hayakai.

Maji ya kupoza yanastahili nafasi zaidi, kwa sababu hapa mlima wenyewe unaingia katika hesabu. Mji wa Nyeri uko takriban mita 1,750 juu ya usawa wa bahari, na kwa kimo hicho maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Nyahururu, kwenye mita zaidi ya 2,300, huchemka kwenye nyuzi 92. Injini nyingi za Kijerumani za siku hizi zimepangwa kufanya kazi kati ya nyuzi 90 na 105, ili zitumie mafuta kidogo. Maana yake ni kwamba katika hali yake ya kawaida, gari likiwa zima, maji yake mara nyingi yako juu ya kiwango cha kuchemka cha mji wa Nyeri. Kinachoyazuia yasichemke ni vitu viwili: dawa iliyomo ndani yake na shinikizo linalobanwa na kifuniko cha tangi. Kifuniko kikilegea, au mpira mmoja ukivuja kidogo, gari lililokuwa likienda salama Mombasa litachemka likipanda kutoka Sagana kwenda Karatina. Kibaya zaidi, mshale wa joto wa Volkswagen umetengenezwa usimame kwenye 90 hata joto likipanda au kushuka nyuzi kadhaa, na BMW nyingi hazina mshale kabisa. Dereva anapoonywa, mara nyingi plastiki imeshapasuka.

Na plastiki ni nyingi: nyumba ya themostati, viungio vya mipira, sehemu za pampu ya maji. Zikifika miaka minane au kumi zinakuwa kavu na kuvunjika zikiguswa. Spea zenyewe si za kutisha bei. Kinachoua injini ni desturi yetu ya kuongeza maji ya mfereji au ya mto kila Jumatatu bila kuuliza yanakwenda wapi. Maji yasiyo na dawa hula alumini na kuacha chokaa, na kuchanganya dawa ya rangi moja na ya nyingine bila kujua aina zake kunaweza kutengeneza tope linaloziba radieta. Gari linalopungukiwa maji linavuja. Lipimwe kwa pampu ya shinikizo, kipimo cha dakika chache, kabla ya kuongezwa hata glasi moja.

Kwa giaboksi, mlima unauliza swali lingine. Golf nyingi za injini ndogo zina DSG ya gia saba yenye klachi kavu mbili. Novemba 2013 Volkswagen iliyarudisha gereji magari milioni 1.6 duniani kote ili oili ya sintetiki katika giaboksi hiyo ibadilishwe na oili ya madini, baada ya matatizo ya umeme kwenye kile kitengo kinachoiongoza, kinachoitwa mekatroniki. Klachi kavu hupozwa na hewa tu. Katika foleni ya siku ya soko Karatina, au kwenye mwinuko wa Mukurwe-ini nyuma ya lori la majani chai, dereva anayelishikilia gari kwa mguu wa mafuta badala ya breki anazichoma klachi bila kujua. Acha nafasi, subiri, kisha nenda moja kwa moja. DSG ya gia sita yenye klachi zinazoogelea kwenye oili huvumilia zaidi, ila oili na filta yake zibadilishwe kila kilomita 60,000. Na usikubali neno kwamba oili ya giaboksi ni ya maisha: ZF, wanaotengeneza giaboksi ya gia nane ya BMW, wao wenyewe wanashauri ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000.

Barabara zimeboreka, hasa tangu ujenzi wa njia mbili wa Kenol, Sagana hadi Marua, kilomita 84, uanze. Matuta na barabara za vijijini bado hula bushi, hilo linajulikana. La kuangalia ni magurudumu ya BMW yanayokwenda bila upepo. Gari halibebi gurudumu la akiba, na kwa kawaida unaruhusiwa kilomita 80 kwa mwendo usiozidi 80 kwa saa. Kutoka Nyeri utafika Nanyuki. Kutoka Isiolo kwenda Marsabit hutafika.

Spea zinapatikana, na hapa ndipo kauli ya kusumbua inapokosa msingi kabisa. Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, ambayo wengi bado wanaiita Grogan, na maduka maalum ya Industrial Area yanatuma mzigo kwa matatu, na asubuhi ukiagiza, jioni unauchukua stejini. Shida ni lugha ya kuagiza. Fundi wa Toyota amezoea kusema jina la gari na mwaka. Kwa Mjerumani, gari mbili za mwaka mmoja zinaweza kuwa na diski za breki za ukubwa tofauti. Tuma nambari ya chesisi yote, tarakimu na herufi 17, pamoja na nambari iliyochongwa kwenye spea ya zamani. Na ujue kwamba kiwanda cha gari hakitengenezi kila kitu: mikono ya sasipensheni hutengenezwa na Lemförder, klachi na LuK au Sachs, filta na Mann au Mahle, umeme na Bosch. Spea hiyo hiyo bila nyota ya Mercedes kwenye boksi huwa nafuu sana. Spea isiyo na jina lolote, iliyo nafuu kuliko hiyo, utainunua mara mbili.

Kinachobaki ni mafundi. Nyeri ina vijana wenye mikono mizuri, wengi wamefaulu majaribio ya mamlaka ya mafunzo ya viwandani, NITA, na nyuma yao kuna kizazi kilichojifunzia kwenye Peugeot 504. Kilomita chache kutoka mjini, Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi kinafundisha uhandisi wa mekatroniki na kinatoa mafunzo kwa mtaala wa Siemens ya Ujerumani. Bado gari lenye hitilafu ya mekatroniki linapakiwa kwenye gari la kuvuta na kushushwa kilomita 150 hadi Nairobi. Umbali huo mfupi kati ya karakana ya chuo na vibanda vya jua kali haujawahi kuvukwa ipasavyo, na wenye magari ndio wanaoulipia. Gereji tano zikichanga, zinaweza kununua mashine moja kamili na leseni yake. Chuo kinaweza kufungua madarasa ya jioni ya kusoma vipimo, kwa fundi ambaye hatawahi kuomba digrii. Hayo hayahitaji sera mpya kutoka Nairobi. Yanahitaji wenye gereji kuacha kuona ujuzi kama siri ya kufichana, na wateja kukubali kulipia saa moja ya kupima gari kama kazi kamili, hata siku ambayo hakuna spea iliyobadilishwa.